Kabla hujapakia lori kwenda Tukuyu

Tangu nitaje hapa kwamba niliishi Tukuyu miaka minne kabla ya kuhamia Uyole, Mbeya, maswali ya watu wanaotaka kuhamia huku Nyanda za Juu Kusini hayakatiki. Wengi wao walipita mara moja tu, wakienda harusini au mazikoni, wakaona kijani hadi kwenye mawingu, wakashusha kioo cha basi na kusema hapa ndipo nitazeekea. Leo nawajibu wachache.

*"Habari dada. Mimi na mume wangu tunastaafu mwakani, tuko Tabata. Tumebaki na miji miwili, Tukuyu na Njombe. Ungekuwa wewe ungechagua upi?"*

Nzuri, dada yangu, na hongereni kwa kumaliza salama. Swali lenu mimi nalisikia hivi: mnataka kupambana na mvua au na baridi? Mandhari miji yote miwili inayo, hapo hakuna ugomvi.

Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Iringa mjini haifiki nusu yake. Aprili mvua inaweza kuanza Jumatatu, ukafika Ijumaa hujauona Mlima Rungwe, na mlima wenyewe una karibu mita 3,000 na uko hapo juu ya kichwa chako. Kiswahili kimetupa neno moja, ukungu, kwa vitu viwili, na Tukuyu utavipata vyote: ule wa nje unaofunika migomba asubuhi, na ule wa kabatini. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa koti la suti la mume wangu mwezi wa tano. Mabegani lilikuwa limeota manyoya ya kijani kama mkate uliosahauliwa. Toka siku hiyo makabati yetu yalikaa shubiri moja kutoka ukutani, na nguo nzito tulizianika kila jua lilipochungulia, hata kama ni nusu saa.

Lakini mvua hiyo hiyo ikikutana na udongo wa volkano inakulisha. Ndizi, parachichi, magimbi, maharage, chai kwenye vilima, maziwa ya ng'ombe wa zizini yanayopita mlangoni asubuhi. Nilichomeka mti wa kuanikia nguo, ukachipua. Mbeya iko kilomita sabini hivi kwa lami, Coaster zinapita mchana kutwa, kwa hiyo kama Makandana, hospitali ya wilaya pale Tukuyu, watakupa rufaa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya si safari ya kulala njiani. Kwa wastaafu hilo lihesabuni kabla ya maua.

Njombe iko juu zaidi, karibu mita 2,000. Ni makao makuu ya mkoa tangu 2012, kwa hiyo benki, ofisi na maduka ya maana yapo mjini humo humo. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hukaa pembeni, jua la mchana ni zuri, nguo zinakauka. Shida ni usiku wa Juni na Julai. Kuna asubuhi unaamka ukute sakitu imeunguza majani ya viazi, na wewe mwenyewe umelala na soksi, kofia na sweta, kama unasafiri.

Mimi ningechagua Tukuyu, lakini mimi napenda ndizi na nachukia kulala na soksi. Muulizeni goti la mzee linasemaje. Kisha msinunue kitu. Pangeni chumba Tukuyu mwezi mzima wa Aprili, halafu Njombe mwezi mzima wa Julai. Msiende Desemba, Desemba kila mji wa huku unajipamba.

*"Nafanya kazi zangu kwa intaneti, naweza kuishi popote. Rafiki ananishauri Mafinga, lakini nikipita naona magogo tu. Kuna nini pale?"*

Kuna magogo. Mafinga ni mji wa mbao, unaishi kwa msitu wa Sao Hill, na usiku utasikia malori yanapanda kwa gia ndogo. Sura hauna, tuseme ukweli. Ila uko juu ya barabara kuu ya TANZAM, ile ya Dar kwenda Zambia, mabasi ya Dar, Iringa na Mbeya yanapita saa zote, na ukitaka uzuri unaingia ndani Mufindi kwenye mashamba ya chai, ukarudi jioni.

Kwa kazi yako, kuuliza mwenye nyumba kama mtandao upo ni kupoteza muda, atakuambia upo. Kaa mahali utakapoweka meza, saa mbili usiku wakati kila mtu yuko kwenye simu, upige simu ya video kwa laini mbili tofauti. Huku kilima kimoja tu kikikaa kati yako na mnara, umekwisha. Uliza pia majirani umeme hukatika mara ngapi masika. Waulize majirani, dalali mwache.

*"Shikamoo mama. Nina miaka 27. Niliona picha za maua ya Kitulo nikashindwa kulala. Nataka kuhamia Makete nifungue nyumba ya wageni."*

Marahaba, mwanangu. Picha hazikukudanganya. Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ina maua hadi wenyeji wameipa jina la Bustani ya Mungu, na uwanda wenyewe uko mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Ila maua huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, yaani msimu ule ule wa tope na ukungu. Baada ya hapo nyasi zinageuka rangi ya mkeka, na baridi inakaa kama mwenye nyumba. Mgeni wa maua atakulipa miezi michache. Miezi iliyobaki shuka zako atalalia nani?

Sasa nikuambie kitu ambacho picha hazikuonyeshi. Makete hiyo hiyo ina Hospitali ya Ikonda, ya wamisionari wa Consolata, na watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kutibiwa pale. Nimekutana na mama kutoka Morogoro kwenye basi, amekumbatia bahasha ya eksirei, anauliza abiria wote Ikonda bado mbali? Mgonjwa haji peke yake. Anakuja na anayemuuguza, na huyo anataka kitanda safi, maji ya moto na uji asubuhi, mwezi wowote. Ningekuwa na umri wako na mtaji mdogo, ningeweka vyumba vinne vya bei ya mwananchi jirani na hospitali, vyenye blanketi mbili mbili, na maua ningeyapeleka kwenye kalenda ya mapokezi. Siku hizi kutoka Njombe ni lami, kwa hiyo hata mchele na sabuni havitakugharimu kama zamani.

*"Mtoto wangu ana pumu. Tukihamia milimani atapona? Hewa ya huko ni safi."*

Hilo mpelekee daktari wake kabla ya kufunga mzigo, maana pumu za watu hazifanani na wengine baridi ndiyo inayowaamsha. Nitasema tu kile ninachokijua kwa macho. Hewa ya nje huku ni safi kweli. Ya ndani inategemea nyumba: kuni zinapikiwa ndani, madirisha yanafungwa saa kumi na mbili, ukungu unapanda ukutani. Ukija kukagua nyumba, ingia jikoni utazame dari. Likiwa jeusi, moshi hauna pa kutokea.

Na hili ni kwa wote, wenye pumu na wasio nayo: jiko la mkaa lisiingie chumbani kulala. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu analala akijisikia joto zuri, asubuhi haamki. Msimu wa baridi haupiti bila habari hizo. Jaza chupa ya maji ya moto, izungushie kanga, iweke miguuni.

*"Nimepata eneo kijijini, pembeni kabisa ya kijito, mandhari ya kufa mtu. Mwenye shamba anataka tumalizane mimi, yeye na mwenyekiti wa kijiji jioni hii. Nifanye haraka?"*

Jioni hii kunywa chai ulale.

Kwanza hicho kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Chukua futi kamba, pima mwenyewe kutoka ukingoni. Mara nyingi ukifika mita ya sitini utakuta umeshatoka kwenye eneo unalouziwa. Huku mabondeni kuna vinyungu, bustani za kiangazi ambazo watu wamelima tangu enzi za mababu, na hata wao suala hilo limewapa mabishano na serikali miaka na miaka. Wewe mwenye kuja na nondo na saruji usitegemee kuhurumiwa.

Pili, mwenyekiti peke yake si kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na kuigawa kunahitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Omba kuona muhtasari wa vikao hivyo, wenye tarehe na sahihi. Tatu, kaa na mke wa huyo bwana, na kaka zake, mchana kweupe, mtembee mipaka pamoja. Shamba huku mara nyingi ni la ukoo hata kama anayelilima ni mmoja. Nina jamaa yangu alinunua ekari mbili kwa mtu mmoja, akaja kugundua wamiliki ni saba. Wa nne alitokea wakati paa linaezekwa.

Kama haya yanakuchosha, tafuta kiwanja kilichopimwa mjini, uende idara ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja mkononi kabla pesa haijatoka. Mandhari utayafuata Jumamosi kwa bodaboda.

*"Kwa nini hamjaitaja Iringa?"*

Kwa sababu mmeuliza mji mdogo, na Iringa ni manispaa yenye vyuo na foleni ya jioni ya kushuka Ipogolo. Ila kwa mtu asiyetaka mvua ya Tukuyu wala usiku wa Njombe, ni jibu zuri sana. Panda Gangilonga saa kumi na moja jioni, kaa juu ya lile jiwe ambalo kwa Kihehe jina lake ni jiwe linaloongea, utazame mji mzima. Kama hapo moyo hautulii, endelea na safari.

*"Nataka milima lakini baridi siiwezi kabisa."*

Matema. Milima ya Livingstone mgongoni, Ziwa Nyasa miguuni, na uko chini ya mita 500, joto tele. Mchele wa Kyela uko jirani. Mbu pia. Nunua chandarua kabla ya kochi.

*"Sisi si Wanyakyusa wala Wahehe wala Wabena. Tutapokelewa?"*

Mtapokelewa. Jifunzeni kamwene, salamu ya Iringa na Njombe, na ndaga fijo, asante sana ya Tukuyu, mtachekwa matamshi na mtapewa kiti. Lakini kipimo chenu kitakuwa msiba. Mwezi wangu wa pili Tukuyu jirani wa nyumba ya tatu alifiwa na mama yake. Nilikuwa na kazi, nikamtuma mtoto na rambirambi kwenye bahasha. Jioni bibi mmoja akaja hadi mlangoni, hakukaa, akasema: "Bahasha tumeiona, mwanangu. Wewe hatukukuona." Akaondoka na mwavuli wake.

Kesho yake niliamkia msibani, nikamenya ndizi na wenzangu hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Kwa hiyo mkihamia, mwenye shughuli nyingi apange ratiba yake akijua hilo. Na kina mama mbebe vitenge viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kukalia. Sakafu ya Tukuyu ni baridi hata Desemba.