Kabla hujafungua plaizi yako ya mfukoni

Juzi msomaji mmoja wa Lindi kaniandikia: "Kaka, nimepata plaizi ya kukunja, ile yenye visu na bisibisi ndani. Kifungua makopo sikihitaji. Nataka nikitoe niweke kisu cha kukatia kamba. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, umenigusa penyewe, maana mimi nilianza vibaya.

Nilikuwa bado najifunza ufundi wa injini za boti hapa Mikindani. Nikanunua plaizi ya bei ya chini Mtwara mjini, nikataka kubadilisha kisu chake kilichokuwa butu tangu siku ya kwanza. Viungo vyake vilikuwa vya riveti, yaani pini zilizogongwa zisizofunguka, si skrubu. Nikachukua drili nikazitoboa. Springi ikaruka, ikapotelea mchangani. Nilipochomeka msumari mahali pa riveti, visu vyote vikawa vinachezacheza. Fundi aliyekuwa akinifundisha akaichukua, akawaonyesha wateja mmoja mmoja, akasema kijana huyu kazi yake kuharibu. Ni miaka mingi sasa, na maneno yale bado yananiuma.

Kwa hiyo angalia kiungo kwanza. Kama ni riveti, iache kama ilivyo. Kama ni skrubu za nyota ya pembe sita (Torx), tafuta bisibisi inayoingia bila kucheza, la sivyo utakula kichwa cha skrubu na hutaitoa tena. Baadhi zina pini ndogo katikati, nazo zinataka bisibisi yenye tundu. Piga picha kila hatua unapofungua. Kisu kipya kiwe na unene uleule wa kile ulichotoa.

Baadaye mgeni mmoja aliyekuja kwa kazi za gesi aliniachia plaizi ya kukunja ya kampuni ya Leatherman, aina ya Surge. Hapo ndipo mambo yangu yalipobadilika. Surge ina kishikio ambacho msumeno na tupa vinachomolewa na kurudishwa bila kufungua hata skrubu moja, na kinapokea bledi za jigsoo, ule msumeno wa umeme wa mkononi, zenye shina la umbo la T, hizihizi za duka la vifaa vya ujenzi. Nikanunua za kukatia mbao, nikazikata kwa grenda zikunjike ndani ya mpini, nikayachonga meno yawe mapana ya kukatia nailoni.

Ya kwanza niliiunguza. Nilikandamiza grenda mpaka ncha ikawa ya buluu, na bledi ya mbao ikifika hapo ugumu wake umekwisha, makali hayakai tena. Ya pili niligusa kidogo, nikachovya kwenye maji, nikagusa tena. Ilinichukua jioni nzima. Ile ndiyo ninayotembea nayo hadi leo.

Mwezi uliopita, kusi likivuma, tukielekea Msimbati, kamba ya wavu ikajizungusha kwenye propela. Nahodha akazima injini, boti ikaanza kusukumwa kuelekea mwamba. Nikashuka majini na bledi yangu. Kamba ilikuwa imekaza mno, kisu cha kawaida kingeteleza juu yake, lakini yale meno yaliishika na kuikata uzi kwa uzi. Nilipopanda, nahodha aliniomba plaizi aitazame, akaishika muda mrefu bila kusema kitu. Nilijisikia fundi kamili.

Vijana wenzangu, tusiridhike na kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Aliyekitengeneza hakuijua bahari yetu. Wewe ndiye unayejua unakata nini, kwa hiyo kibadilishe chombo kifuate kazi yako, ila kwa subira. Ujue pia kwamba Leatherman wanatoa dhamana ya miaka 25, na ukishachonga vya mwilini mwake umeipoteza. Bledi ya kuchomeka ni yako mwenyewe, hata ikiharibika.

Hizo bledi za mbao ni chuma cha kaboni, zinashika kutu upesi kuliko mwili wa plaizi, ambao ni chuma cha pua. Ukitoka baharini osha kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, paka mafuta ya nazi.

Wewe wa Lindi, nitumie picha ya kiungo cha plaizi yako, pande zote mbili, kabla hujashika bisibisi.