Jibu: Kanzu nyeupe kufanya manjano kwapani

Waalaikum salaam ndugu yangu. Umesema kanzu yako ya pamba inafanya manjano kwapani, na kila ukiitia Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ndiyo kwanza inazidi.

Anza na kopo la dawa ya kwapa. Ikiwa ina aluminiamu, chumvi zake zikikutana na jasho ndizo hufanya manjano hayo, na klorini huyakoleza. Jipake kidogo usiku, ngozi ikiwa kavu. Ukijipaka na kuvaa papo hapo, nguo ndiyo inayopakwa. Ndani vaa fulana ya pamba yenye mikono. Singlendi haifiki kwapani, haikingi kitu.

Kwa joto la kaskazi hapa Lamu, usiitundike kanzu na jasho lake hadi Ijumaa ijayo. Igeuze, suuza kwapa kwa maji baridi siku ileile. Manjano yakianza, loweka nusu saa: siki nyeupe kikombe 1, maji vikombe 2, kisha ufue kwa sabuni. Siki na Jik zisikutane kabisa, hutoa gesi ya sumu. Darizi ya rangi ijaribu pembeni kwanza.

Na pasi usiipitishe doa lingalipo, moto hulikaza.