Ujumbe bila intaneti hufika umbali gani?

Swali: Mtandao wa simu hukatika mara kwa mara tunakoishi. Rafiki amenirushia faili la programu ambayo, kwa maelezo yake, hutuma ujumbe popote bila intaneti wala salio. Kaka yangu anaishi kilomita 80 kutoka hapa. Je, niisakinishe ili tuwasiliane?

Jibu: Usiisakinishe, ndugu msomaji. Mnara ukizimika, simu ya kawaida hubaki na Bluetooth na Wi-Fi tu, na Bluetooth hiyo hufika makumi machache ya mita, pungufu ya hapo palipo na kuta nene au msongamano wa watu.

Najua utajibiwa kwamba simu hupokezana ujumbe. Ni kweli, lakini watu hulitaja jambo hilo bila kupiga hesabu. Tukikadiria mita 50 kwa kila mruko, yaani kutoka simu moja hadi inayofuata, kilomita 80 zinadai miruko 1,600 isiyo na pengo, na kila simu njiani iwe imewashwa ikiwa na programu ileile. Bitchat, programu ya aina hii iliyotolewa mwaka 2025, huukomesha ujumbe wa Bluetooth baada ya miruko 7, yaani takribani mita 350 kwa kadirio hilo. Briar, programu nyingine ambayo naiheshimu, bila intaneti huuhifadhi ujumbe hadi simu za wahusika zikaribiane. Zote mbili zinafaa ukumbini au katika mkusanyiko. Za mji hadi mji sizo.

Wala kukosekana kwa intaneti si usiri. Bridgefy, nayo programu ya ujumbe wa Bluetooth, ilitumiwa na waandamanaji wa Hong Kong mwaka 2019, na mwaka uliofuata watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, wakaonyesha kwamba ujumbe wake ungeweza kusomwa na watumiaji wake kufuatiliwa.

Ikiwa programu zinazochunguzwa hadharani zina kasoro hizo, sielewi kwa nini watu huamini faili lisilo na mwenyewe linalozunguka kwenye magrupu likiahidi “popote”. Kabla ya kusakinisha chochote cha aina hii, tazama ruhusa kinazoomba. Ruhusa ya vifaa vilivyo karibu ni halali, na katika simu za Android toleo la 6 hadi 11 hata ya mahali ulipo, kwa kuwa mfumo wenyewe uliidai ili kutafuta vifaa vya Bluetooth. Ruhusa ya kusoma SMS haihusiani kabisa na Bluetooth, na anayeipata huweza kusoma hata namba za uthibitisho unazotumiwa na benki yako.