Maswali na Majibu: Kadi ni ya posta, si ya kasha

Barua za safari hii karibu zote zinahusu postikadi zinazopita mikononi mwa wachezaji wa jiokeshi, mchezo wa kuficha makasha na kuyatafuta: unaacha kadi ndani ya kasha, mtu usiyemjua analipata kasha hilo kwa GPS yake, anaichukua kadi na kukutumia kwa posta. Wengine mnapeana anwani na kutumiana moja kwa moja. Naanza na swali linalojirudia, maana ndilo linalopoteza kadi nyingi.

Niliacha kadi yenye stempu na anwani yangu kwenye kasha miezi mitatu iliyopita. Mbona haijafika?

Mmeniuliza hili wengi, na hakuna hata mmoja aliyetaja kasha liko nchi gani, stempu ni ya nchi gani, wala kasha lilipatikana lini mara ya mwisho. Jibu lote limo humo.

Stempu kwanza. Stempu ni malipo kwa posta ya nchi iliyoitoa. Kadi ikitumbukizwa katika nchi nyingine, stempu hiyo ni picha tu. Kadi itakwama, au itarudishwa kwa mtumaji kama ameandika anwani, au mpokeaji atadaiwa nauli. Wenye kosa hili ni wale wanaobandika stempu za kwao kabla ya safari, na wale wanaoifunga kadi kwenye kibati cha kusafiri, kile chenye msimbo ambacho wachezaji hukihamisha kutoka kasha hadi kasha, na ambacho kitavuka mipaka mitatu kabla ya mtu kufikiria kuituma. Stempu iwe ya nchi ambamo kasha limefichwa, na itoshe nauli ya kadi hadi nchi unayotaka ifike. Kama hujui nauli, acha pembe ya stempu wazi na uweke kikaratasi kinachosema kadi haina stempu. Wapataji wengi wako radhi kununua stempu moja. Kinachowaudhi ni kutuma kitu kisha kisifike.

Pili, siku zinahesabiwa tangu kadi ilipoingia posta, si tangu ulipoiacha msituni. Soma kumbukumbu za kasha, yaani yale wanayoandika mtandaoni waliolipata, kabla hujaacha kitu. Kasha linalopatikana mara mbili kwa mwaka si mahali pa kadi, hata liwe na mandhari nzuri namna gani. Tafuta linalofikiwa na watu kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na angalia kama wanaofika ni wageni au ni wenyeji walewale.

Kuna tofauti gani na Postcrossing?

Postcrossing, tovuti ya kutumiana postikadi na watu usiowajua iliyoanzishwa mwaka 2005 na Mreno Paulo Magalhães, inakupa anwani na namba ya kadi, na mpokeaji akiisajili nawe unaingia kwenye foleni ya kupokea. Kule kadi isiyosajiliwa kwa siku 60 huhesabiwa imepitwa na muda, ingawa bado inaweza kusajiliwa ikichelewa kufika. Kwenye makasha hakuna foleni wala namba. Unategemea mkono wa mtu mmoja. Kwa hiyo kazi ya kumrahisishia mtu huyo ni yako.

Naweza kuweka kadi kwenye kikopo cha filamu?

Hapana. Kadi ya kawaida ni milimita 105 kwa 148. Ukiikunja kama sigara, rangi inapasuka kwenye mkunjo, na ikifika posta haitalala tambarare kwenye mashine ya kuchambua barua. Kasha la kadi liwe la ukubwa wa kati, yaani lita 1 na kuendelea, na sakafu yake ndani ipite sentimita 16 kwa 11. Kopo bapa la chakula lenye vibanio pande nne na mpira kwenye mfuniko linatosha.

Kadi zangu zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni wa zipu, lakini zimeharibika. Unyevu uliingia wapi?

Mara nyingi haukuingia, ulifungiwa humo. Mtu analifungua kasha hewa ikiwa na unyevu mwingi, anajaza daftari, anafunga. Usiku joto likishuka, unyevu uliomo kwenye hewa hiyo unageuka matone kwenye ukuta wa mfuko. Kadi zinanyonya, zinajikunja pembeni, na gundi ya stempu za kulamba inaamka. Hapo stempu ya kadi ya juu inashika uso wa picha wa kadi ya chini. Ukizitenganisha, picha inabanduka na kuacha kovu jeupe, na stempu imechanika.

Basi fanya hivi. Tumia stempu za kujibandika kama zipo. Kati ya kadi na kadi weka kipande cha karatasi ya kuokea mikate. Mfuko uwe mkubwa kuliko kadi kwa vidole viwili kila upande, ili pembe zisiisukume zipu. Kamua hewa yote kabla ya kufunga. Ndani ya kasha, nje ya mfuko, weka pakiti ya silika, na uibadilishe kila unapokwenda kukagua, kwani ikishashiba unyevu haifanyi kazi tena. Futa mchanga kwenye mdomo wa zipu. Chembe moja tu inatosha kuacha mwanya. Na msiweke zaidi ya kadi nne au tano. Rundo kubwa linabana mfuniko, na mfuniko uliobanwa ndio unaoingiza maji.

Kalamu nayo ina lawama. Wino wa jeli unasambaa ukiguswa na tone moja. Anwani iandikwe kwa bolpeni ya kawaida, na ndani ya kasha acha penseli. Penseli haigandi kwa baridi wala haichuruziki.

Nimekuta muhuri wa mpira ndani ya kasha. Ni zawadi?

Si zawadi. Gonga kwenye kadi yako, uache ukauke, urudishe muhuri ulipokuwa.

Watu wanachukua kadi zangu na kwenda nazo nyumbani. Huu si wizi?

Si wizi kama hukuwaambia. Kanuni ya kasha ni kwamba ukichukua kitu, unaacha kingine cha thamani sawa au zaidi. Mpataji akiona kadi yenye picha nzuri, anaacha mpira wa watoto na kuondoka na kadi akijua ametenda haki. Andika maagizo juu ya mfuko, si ndani yake: chukua kadi moja, andika tarehe na jina la kasha, iposti ndani ya wiki. Yaandike kwa lugha ya mahali kasha lilipo na kwa lugha nyingine moja ambayo wasafiri wengi wanaisoma. Mistari mitatu inatosha. Ukiandika ukurasa mzima hautasomwa.

Nataka kila anayepata kasha langu atume kadi kwanza, ndipo nimkubalie kuandika kwamba amelipata. Inaruhusiwa?

Hairuhusiwi, na isirudi kuulizwa. Tangu mwaka 2009 Geocaching.com, tovuti kuu ya mchezo huu, imepiga marufuku masharti ya ziada kwenye kasha la kawaida. Aliyelifikia kasha na kutia sahihi kwenye daftari amelipata. Kadi ni ombi. Ukifuta kumbukumbu ya mtu kwa sababu ya kadi, itarudishwa, na wewe utabaki na kasha ambalo watu wanalikwepa.

Mpataji aliniandikia majiranukta (namba za mahali kasha lilipo) kwenye kadi lakini ramani inanipeleka kwenye ziwa. Nani amekosea?

Huenda ni wewe. Mchezo huu unaandika nyuzi na dakika zenye desimali tatu. Ukisoma S 03° 04.500, maana yake ni nyuzi 3 na dakika 4 na nusu. Kwa nyuzi za desimali ni 3.075, si 3.045. Ukikosea hapo umehama zaidi ya kilomita 3. Ukiandika kwa usahihi, desimali ya tatu ya dakika ni kama mita 1.85 tu kuelekea kaskazini au kusini.

Nanyi mnaotuma, nawaomba: kama kasha ni la fumbo, yaani lazima ulitegue fumbo ndipo ujue lilipo, msiandike majiranukta yake ya mwisho kwenye kadi. Kadi iko wazi, kila anayeishika anaisoma, na kazi ya mwenye fumbo inaharibika. Andikeni msimbo wa kasha unaoanza na GC, ule wa ukurasa wake kwenye tovuti. Mpokeaji ataufungua mwenyewe.

Kadi yangu ina msimbo wa kufuatilia, kama ule wa kibati cha kusafiri. Nimeona watu wasiojulikana wameandika kwamba wameiona.

Kuna mtu alipiga picha upande wa nyuma na kuiweka hadharani. Msimbo unaoanza na TB ni wa wote. Ule mwingine uliochapwa kwenye kibati au kwenye kadi yenyewe ni wa aliyekishika kitu hicho tu. Ukipiga picha, funika msimbo huo, na funika anwani pia. Naona picha za kadi zenye jina kamili, mtaa na namba ya nyumba ya mtu ambaye hakuulizwa. Huyo alikuamini wewe, hakuuamini ulimwengu mzima.

Mwanangu wa miaka tisa anaweza kuacha kadi yenye anwani yetu?

Kadi ndiyo, anwani ya nyumbani hapana. Kasha linafunguliwa na yeyote, pamoja na wasiojua mchezo huu waliojikwaa tu. Tumia sanduku la posta kwa jina la mzazi, na sahihi ya mtoto iwe jina lake la kuchezea. Hata watu wazima nawashauri hivyo. Mstari wa mwisho wa anwani uwe jina la nchi kwa herufi kubwa, na chini ya kadi acha sentimita 2 bila maandishi, kwa kuwa mashine za posta huchapa mistari yake hapo.

Hii ya kumtegemea mgeni apeleke kadi ni wazo jipya?

Si jipya hata kidogo. Jiokeshi ilianza Mei 2000, mara baada ya Marekani kuacha kuipunguzia usahihi GPS ya kiraia. Lakini huko Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854 mwongoza wageni James Perrott aliacha chupa kwenye dimbwi la Cranmere ili wanaofika waache kadi zao za majina. Baadaye watembeaji wakawa wanaacha postikadi zenye anwani zao wenyewe, na anayefuata anazichukua na kuziposti. Wale hawakuwa na msimbo wala setilaiti. Walikuwa na stempu sahihi, na mgeni aliyeshuka mlimani moja kwa moja hadi posta.

Nimepokea kadi nzuri isiyo na jina la mtumaji. Nimshukuruje?

Soma muhuri wa posta: mji na tarehe. Kisha fungua kumbukumbu za kasha ulimoiacha na uangalie nani alifika katika siku chache kabla ya tarehe hiyo. Kwa kawaida wanabaki wawili au watatu. Waandikie wote kwa faragha, bila kuweka picha ya upande wa anwani.