Vipimo vinasema niko sawa, mwili unakataa

Maswali yenu ya afya, daktari anajibu

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Njombe, kwa kweli nimechoka. Tangu nijifungue huyu wa mwisho, sahivi ana miaka 3, sijawahi kurudi kuwa mimi yule wa zamani, nachoka mpaka kuinua ndoo ya maji ni kazi, baridi nayo imezidi, najua Njombe ni baridi lakini wenzangu wakivua masweta saa sita mchana mi bado nina kitenge juu ya sweta, ngozi imekauka, choo kigumu, nasahau vitu, sauti imekuwa nzito hadi dada yangu kwenye simu aliuliza naongea na nani. Nilisoma mtandaoni nikaona dalili zote zinaendana na tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, nikaenda hospitali wakapima damu, homoni inayoitwa TSH ikatoka 1.8 na karatasi inasema kawaida ni 0.4 hadi 4.0, nikaambiwa tezi iko salama, una mawazo tu mama. Nikarudi tena baadaye ikatoka vilevile, nikapewa vitamini. Mume wangu naye sasa anaona nadeka. Halafu sijui kama inahusu, siku ya kujifungua nilitoka damu nyingi nikazimia nikaongezewa chupa 4, mtoto hakupata maziwa yangu hata tone tulimlea kwa maziwa ya kopo, na siku zangu hazijarudi mpaka leo, nesi alisema ni sindano za uzazi wa mpango lakini mi sindano sijawahi kuchoma. Kuna jirani anatumia vidonge vya tezi anasema atanigawia nijaribu. Nikimeza kuna shida?
Mama K., Njombe

JIBU: Marahaba Mama K., na pole sana. Naanza na la mwisho: hivyo vidonge vya jirani usimeze, hata nusu. Sababu nakupa hapo chini.

Umeandika "sijui kama inahusu". Inahusu, tena sana. Ungeniletea karatasi ya TSH peke yake na mimi ningesema tezi yako haina neno. Ila damu iliyotoka mpaka ukazimia, maziwa yasiyotoka hata tone na hedhi isiyorudi miaka 3, hayo matatu yakikaa kwa mama mmoja daktari lazima asimame afikirie upya.

Iko hivi. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye pituitari, kitezi kidogo kilicho chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo itoe homoni. Tezi ya shingo ikizembea, pituitari inapaza sauti, TSH inapanda, ndo maana hospitali nyingi wanaanza na kipimo hicho na kwa watu wengi kinatosha kabisa. Lakini kinatosha kama pituitari yenyewe ni nzima. Ikiwa imeumia, TSH inaweza kusoma kawaida huku mwili hauna homoni ya kutosha, sawa na mtoto aliyeishiwa nguvu hata ya kulia halafu mkasema kwa kuwa amenyamaza basi ameshiba.

Na pituitari inaumiaje? Kipindi cha ujauzito inakua, inahitaji damu zaidi. Mama akivuja damu nyingi wakati wa kujifungua na presha ikaanguka, kitezi hicho kinaweza kukosa damu na sehemu yake ikafa. Daktari Mwingereza Harold Sheehan alilieleza jambo hili mwaka 1937, ndo maana unaitwa ugonjwa wa Sheehan. Nchi tajiri umekuwa adimu kwa sababu damu inadhibitiwa mapema. Kwetu kuvuja damu baada ya kujifungua bado ni kati ya mambo yanayoua kina mama zaidi, na aliyepona tunamshukuria Mungu tunamruhusu aende nyumbani, miaka ikipita akaja analalamika uchovu hakuna anayemuuliza alijifunguaje. Hilo linaniuma sana. Kuanza na TSH si kosa, ila mgonjwa akirudi na dalili zilezile, kurudia kipimo kilekile hakusaidii, inabidi historia ichukuliwe upya.

Jiangalie pia: nywele za kwapa na za sehemu za siri zimepungua au zimekwisha? Rangi ya ngozi imepauka? Ukisimama ghafla unaona kizunguzungu? Andika majibu kwenye karatasi uende nayo.

Sijasema unao, kwa barua siwezi kusema. Nenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, akipatikana wa homoni ni bora zaidi, na kwa mtu wa Njombe unaweza kuomba rufaa ya hospitali ya kanda Mbeya. Beba kadi yako ya kliniki ya ujauzito au karatasi uliyoruhusiwa nayo baada ya kujifungua, ile iliyoandikwa uliongezewa damu. Ukikaa kwenye kiti usianze na uchovu. Sema hivi: "Nilipojifungua nilivuja damu nikazimia, nikaongezewa chupa 4, maziwa hayakutoka na hedhi haijarudi, naomba tuangalie pituitari." Uchovu utafuata.

Vipimo ni FT4, yaani homoni yenyewe ya tezi inayozunguka kwenye damu, isomwe pamoja na TSH. FT4 ikiwa chini na TSH ikawa "kawaida", hiyo kawaida si ya kuaminiwa. Halafu kotisoli, damu yake ichukuliwe asubuhi kama saa 2, prolaktini (homoni ya maziwa), FSH na LH (homoni za pituitari zinazoendesha hedhi), sukari na sodiamu. Wakati huohuo wapime wingi wa damu, madini ya chuma, VVU na mimba, maana uchovu una njia nyingi. Picha ya kichwa ya MRI itaamuliwa baadaye na daktari.

Sasa vile vidonge. Pituitari hiyohiyo ndiyo inayoamrisha tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, homoni inayotubeba tukiugua. Kama na yenyewe iko chini, dawa ya tezi inaufanya mwili uimalize upesi zaidi, presha inaanguka na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo panapokuwa na upungufu huo mgonjwa anaanzishiwa kwanza haidrokotisoni au prednisoloni, dawa zinazoshika nafasi ya kotisoli, ndipo levothairoksini, yaani dawa ya tezi, ifuate, na dozi inapangwa kwa kuangalia FT4, sio TSH. Kabla hujapimwa, ukipata malaria au homa yoyote ukaanza kutapika, kulegea au kuzimia, usisubiri kupambazuke, ukimbizwe hospitali, na wanaokupeleka waeleze ile historia ya damu wakifika tu mapokezi.

Mumeo mpe asome hapa. Shemeji, huyu hadeki, msindikize hospitali.

SWALI: Daktari mi niko Mombasa, TSH yangu ni 6.2 lakini FT4 iko sawa, nimeambiwa nisubiri tu. Nisubiri nini na nataka kushika mimba?
Bi. S.

JIBU: Bi. S., yako ni tofauti, hapa pituitari inafanya kazi na inadai tezi iongeze bidii. TSH ya namna hii mara nyingi hurudiwa baada ya miezi 2 au 3 kwa sababu kwa wengine hushuka yenyewe, na wengi walio chini ya 10 bila dalili hufuatiliwa bila dawa. Lakini kwako kuna hilo la mimba na ndilo linalobadilisha hesabu, rudi umwambie daktari wazi kwamba unatafuta mtoto, uombe na kipimo cha anti-TPO kuona kama kinga ya mwili inaishambulia tezi. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, mwambie na hilo, uviache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, vinaweza kuvuruga majibu. Na ukichelewa kuona siku zako usingoje hiyo miezi, nenda kapime TSH wiki hiyohiyo.