Nimkate alama anayepiga kelele maabara?

SWALI: Mimi ni mwalimu mpya wa fizikia na kemia sekondari. Nilipoanza nilibandika ukutani kanuni 22, kila moja na bei yake: kelele alama 5, kuchelewa kipindi alama 5, kusahau daftari alama 3, ripoti ya maabara ikichelewa alama 10 kwa kila siku. Asiyeleta kazi anapata sifuri. Sasa tumefika nusu ya muhula na matokeo yamenichanganya. Kijana anayejibu maswali magumu kuliko wenzake wote ana 41. Binti mmoja mtulivu, ambaye ripoti zake zinafanana na za jirani yake neno kwa neno, ana 78. Wazazi wameshaanza kuuliza. Je, nidhamu niipe asilimia ngapi ya alama ili haki itendeke? Na nikiwaongezea wote alama ili wastani wa darasa ufike 60, kuna ubaya gani?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nidhamu ipe asilimia sifuri. Sijakosea kuandika. Swali hili napelekewa kila muhula unapoanza, tofauti ni tarakimu tu: huyu anauliza kama 10 zinatosha, yule kama 25 zimezidi. Mara chache sana nimpate anayeuliza kwanza nidhamu imefikaje kwenye alama za fizikia.

Alama ya somo ipo ili mwanafunzi, mzazi na mwalimu atakayempokea mwakani wajue huyu anaelewa nini na anaweza kufanya nini. Kijana wako wa 41 anaijua fizikia. Kilichomshusha ni mdomo wake, lakini kwenye karatasi hakuna anayeweza kutofautisha. Mwalimu wa mwakani atamweka kwenye kundi la kurudia mambo anayoyajua, atachoshwa, na kelele zitaongezeka. Huyo binti wa 78 ndiye ningemhofia zaidi. Hakuna atakayemshtukia mpaka siku atakapokaa kwenye mtihani bila jirani.

Najua utakachonijibu, kwa sababu kila mtu hunijibu hivyo hivyo: "Nisipokata alama hawataniogopa." Hapo ndipo uvumilivu huniishia. Angalia nani hasa anaogopa kukatwa. Ni mwenye 85 anayetaka 90, na huyo hakuwa anakusumbua. Msumbufu sugu ana 35. Mkate 5 abaki na 30, hana alichopoteza. Mwenye 92 naye amepiga hesabu zake, kelele za leo zitamgharimu 5, bado atakuwa juu ya wenzake, basi anaendelea kupiga soga. Wewe mwenyewe umeweka bei ukutani, na wenye uwezo wanalipa. Isitoshe adhabu yenyewe inafika wiki kadhaa baadaye, ndani ya jumla ambayo hakuna anayeweza kuichambua, wakati kelele zilikuwa za Jumanne saa nne.

Kelele ishughulikie palepale kwa jambo linalohusiana nayo. Mhamishe kiti, mbakize dakika chache baada ya kipindi mzungumze, mpigie mzazi ikibidi, na andika kwenye daftari la mwenendo. Wazazi wana haki ya kujua kwamba mtoto ni msumbufu, tena wana haki ya kuliona hilo kwenye mstari wake wenyewe, mbali na alama ya fizikia.

Usalama wa maabara ni habari nyingine kabisa, na hapa walimu wengi huchanganya. Asiyevaa miwani ya kinga hakatwi alama. Anasimama. Anaweka chombo chini, anatoka kwenye meza, anarudi akiwa amevaa. Ukimkata alama 5 kisha ukamwacha aendelee kuchemsha asidi, umekubali kwamba jicho lake lina thamani ya alama 5. Nywele ndefu zinafungwa, hakuna kula wala kunywa, hakuna kuvuta kimiminika kwa mdomo, kemikali iliyobaki hairudishwi kwenye chupa, harufu inapungwa kwa mkono kuelekea puani badala ya kuinamia chombo. Haya hayana mjadala wala onyo la pili, na asiyeyafuata anafanya jaribio siku nyingine chini ya macho yako. Kuna mahali pamoja tu ambapo usalama unaingia kihalali kwenye alama, pale unapopima ujuzi wenyewe. Mwanafunzi akiwa kwenye mtihani wa vitendo akamimina maji ndani ya asidi kali badala ya asidi ndani ya maji, hilo ni kosa la kemia: hajui kwamba mchanganyiko ule hutoa joto jingi kiasi cha kurusha asidi nje. Mkate. (Na kabla ya kumkata, mzuie.) Lakini akirusha karatasi kwa rafiki yake, hajaonyesha kitu chochote kuhusu kemia.

Kanuni zako 22 zipunguze. Hizo za usalama ziwe na bango lake, na za kuishi pamoja darasani zisizidi tano au sita, kwa sentensi fupi ambazo mwanafunzi anaweza kuzitaja bila kugeuka kutazama ukuta.

Sasa sifuri. Chukua mwanafunzi aliyepata 78, 82 na 80, kazi ya nne hakuleta. Ukiandika sifuri, wastani wake ni 60. Ili arudi kwenye 80 anahitaji kupata 100 mara nne mfululizo. Ile 60 haisemi kwamba anajua asilimia 60 ya somo. Inasema kuna kazi moja hujaiona. Basi andika hivyo: "haijaletwa". Mweke mapumzikoni au baada ya masomo mpaka aifanye. Hao wanaoona sifuri ndiyo ukali, mimi nawaona wapole kupita kiasi, kwa sababu sifuri inamruhusu mtoto kutofanya kazi. Ripoti inayopoteza alama 10 kila siku nayo inaishia hapohapo: siku ya kumi imekufa, na anayejua imekufa hataiandika kamwe. Weka tarehe, andika ucheleweshaji pembeni kwenye safu yake, idai kazi. Ukiwa umeshawarudishia wengine ripoti zilizosahihishwa, aliyechelewa mpe vipimo tofauti avifanyie kazi, la sivyo atanakili majibu.

Tukifika kwenye kunakili ndiyo tunafika kwa binti yako, na hapa nitakuomba ujikague unavyosahihisha ripoti. Nimepitia ripoti nyingi za pendulamu (kitu kizito kinachobembea kwenye uzi), jaribio la kutafuta mchapuko wa graviti, yaani kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka, na mara nyingi naona darasa zima limepata 9.8. Wote. Kwa uzi, rula na saa ya kupimia muda! Hilo haliwezekani bila kupika data, na wanafunzi wanapika kwa sababu mwalimu hutoa alama kwa kukaribia jibu la kitabuni. Anayejua jibu linalotakiwa anaanzia huko, anarudi nyuma kutengeneza vipimo, au anaviomba kwa jirani.

Mwingine kapima kwa uaminifu. Uzi wake ni mita 0.80, ameandika mibembeo 20 kwa sekunde 34.1. Anagawanya, kipindi cha mbembeo mmoja kinakuwa sekunde 1.705, anaingiza kwenye 4π²L/T² (L ni urefu wa uzi, T ni kipindi), anapata karibu 10.9. Mwalimu anatia kalamu nyekundu: "Si sahihi, 2/10." Lakini hebu itazame ile 34.1. Uzi wa urefu huo hubembea mara moja kwa takribani sekunde 1.79, na mibembeo 19 huchukua sekunde 34.1. Yaani mtoto huyu alianza kuhesabu "moja" pale alipoachia kile kitu kizito kibembee, badala ya "sifuri", akasimamisha saa kwenye "ishirini" akiwa amepima 19. Kosa lake umelijua kwa sababu hakudanganya. Huyo anastahili alama za kupima, za kupanga jedwali, za vizio, za hesabu iliyofuata vipimo vyake, kisha umpoteze alama moja ya kuhesabu mibembeo na umwandikie kwa nini. Akiongeza mwenyewe kwamba jibu lake limezidi linalotarajiwa na kutaja chanzo kinachowezekana, mpe zaidi kuliko aliyeandika 9.81 bila maelezo. Na yule wa 9.81, tena yenye tarakimu tatu kutoka kwenye rula inayosomeka kwa sentimita, mwite mezani aeleze alivyopata. Mazungumzo ya dakika mbili yatakufundisha mengi kuliko ripoti nzima.

Hii ndiyo kazi ya mwongozo wa usahihishaji, nao wanafunzi waupate kabla ya jaribio. Mwaka 1913 huko Marekani, watafiti Daniel Starch na Edward Elliott walipeleka karatasi moja ya jiometri kwa walimu wengi waisahihishe. Alama zilizorudi zilianzia 28 hadi 95. Karatasi ileile, somo ambalo watu huamini jibu lake ni moja! Baadhi walikuwa wamekata kwa uandishi mbaya, wengine hawakujali. Kwa hiyo amua mapema: kizio kikikosekana kinagharimu nini, kosa la sehemu (a) likibebwa hadi sehemu (b) utalihesabu mara moja au mara mbili (mara moja!), njia sahihi yenye jibu baya inapata ngapi. Wiki ya kwanza wape ripoti tatu zisizo na majina, nzuri, ya wastani na mbovu, wazisahihishe wao kwa mwongozo wako. Watagombana, na ugomvi ule ni bora kuliko bango lolote. Unaposahihisha, maliza swali la kwanza kwa wote ndipo uende la pili, na funika majina.

Ukirudisha ripoti, rudisha maoni kwanza, alama baadaye. Mtafiti Ruth Butler alionyesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi waliopewa maoni peke yake walipiga hatua, na waliopewa maoni pamoja na alama hawakuwapita waliopewa alama tupu. Ukikaa darasani siku ya kurudisha kazi huhitaji utafiti: macho yote yanakimbilia namba, karatasi inakunjwa.

Kuhusu kuongezea darasa zima mpaka wastani ufike 60: usifanye. Wastani ulishuka kwa sababu fulani, itafute. Kama swali la nne lilikuwa bovu, liondoe kwa wote na uwaambie. Kama hawajaelewa moli (kizio cha kiasi cha kemikali), alama 12 za bure hazitawafanya waelewe. Fundisha tena, wapime tena. Na mtu asikudanganye kwamba asilimia ulizoandika kwenye mpango wako ndizo zinazofanya kazi. Ripoti zikiwa na asilimia 30, na kila mtu akapata kati ya 26 na 29, huku mtihani ukiwatawanya kutoka 15 hadi 65 kati ya 70, basi nafasi za wanafunzi zinaamuliwa na mtihani karibu peke yake. Ripoti zako ni pambo.

Nisingemaliza bila kuwagusa wanaokuuzia hizi jedwali za makato. Nadhani kanuni 22 hukuzitunga mwenyewe. Zina harufu ya vile vifurushi vinavyozunguka kwenye simu za walimu, "mfumo kamili wa kulitawala darasa", kila kosa na namba yake. Waandishi wake wengi hawakuulizi unafundisha somo gani, na jedwali la darasa la historia ndilo hilohilo la maabara yenye moto na asidi. Wana ushuhuda wa madarasa yaliyotulia ndani ya siku saba. Darasa kutulia ni jambo jema, ila mtulivu wako wa 78 ni mfano tosha kwamba utulivu na kemia ni vitu viwili. Wengine siku hizi wanauza programu za kujumlisha alama, na shule zinazinunua kwa sababu zinatoa grafu za rangi. Sina ugomvi na programu, nina ugomvi na mwalimu asiyejua inafanya nini.

Kabla ya kuingiza alama za muhula huu, fanya jaribio dogo. Tengeneza mwanafunzi wa kubuni, mpe 78, 82 na 80, nafasi ya nne iache wazi. Programu ikikupa 80, imeiruka. Ikikupa 60, imeweka sifuri bila kukuuliza, na huenda ndivyo ilivyomfanyia kijana wako wa 41. Angalia rekodi zake leo, utenganishe kilichokatwa kwa kelele, kilichokatwa kwa kuchelewa, na nafasi zilizo wazi. Alama itakayobaki ndiyo uzungumze nayo na mzazi wake.