Mkuu usivute triga "kuijaribu" sefti risasi ikiwa ndani

Acha kwanza. Kabla ya darubini, kabla ya mafuta na hayo mengine uliyouliza kuhusu bunduki yako ya mtumba, hiyo sentensi yako moja ndo imenifanya niandike usiku huu, kwamba jamaa aliyekuuzia kakwambia Jumamosi ukifika renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, uingize risasi, uweke sefti (kile kidude cha kuzuia bunduki isifyatuke), uvute triga kwa nguvu, ikigoma basi sefti ni nzima. Usithubutu. Na wale wawili waliokujibu hapo juu "safi mkuu, ndo inavyofanyika" naomba wakae pembeni kidogo.

Mi nilifanya hivyo hivyo. Bunduki ya bolti, yaani ile yenye chuma unachovuta nyuma na kusukuma mbele kwa mkono kutoa na kuingiza risasi, mtumba kama ya kwako, nimeelekezwa na mzee mmoja wa pale renji ambaye kila mtu alimuita mjuzi, sijui mjuzi wa nini. Nikaingiza risasi, nikaweka sefti, nikavuta. Ikagoma. Nikavuta tena, ikagoma, mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mi nikaridhika. Sasa kwa kuwa kichwani mwangu bunduki "imethibitishwa", nikainamisha mtutu chini kando ya meza huku naongea na rafiki yangu aliyekuwa anapanga makaratasi ya shabaha, nikatoa vifunika masikio ili nimsikie mzee anasema nini, nikasogeza sefti mbele. Ikalia hapo hapo. Triga sijaigusa. Najua mnachotaka kusema, kila aliyefyatua kwa bahati mbaya husema kidole kilikuwa nje, hata msimamizi wa renji alinitazama kwa jicho hilo hilo. Lakini kilikuwa nje, na nikishamaliza kueleza mtaona kwa nini haikuhitaji kidole.

Risasi ilipiga sakafu ya zege ikavunjika, vipande vya shaba na zege vikamwingia rafiki yangu kwenye muundi. Daktari alitoa vilivyotoka, vingine kavifuata akaona bora aviache. Anatembea, ila akishuka ngazi anaenda upande upande, na hanitukani, jambo ambalo ni baya kuliko kutukanwa. Mi sikio la kushoto siku hizi linaimba lenyewe, redio nilishauza. Renji nilifungiwa, na sina cha kulalamika. Mzee mjuzi unajua alisema nini? "Mi nilimwambia ajaribu sefti, sikumwambia afyatue." Aisee. Yule yule ndo wiki chache nyuma alikuwa kanilegezea skrubu ya triga "iwe laini kidogo" kwa bisibisi aliyotoa mfukoni. Nikikumbuka ile bisibisi damu inachemka mpaka leo.

Sasa elewa kilichotokea ndani, maana huyo muuzaji wako haelewi. Kwenye bunduki nyingi za bolti pini ya kufyatulia inasukumwa na springi kali, inazuiwa isiende mbele na kipande cha chuma, na hicho kipande kinakalia juu ya triga. Sefti za aina nyingi hazishiki triga wala pini, zinakiinua tu kile kipande kidogo kikae juu ya sefti badala ya triga. Kwa hiyo triga inabaki huru. Ukiivuta inasogea kutoka pale chini, hamna kinachotokea, unafurahi. Ukiiachia inatakiwa irudi mahali pake yenyewe. Kama mafuta ya zamani yameganda, au kuna uchafu, au mtu kalegeza skrubu mpaka springi haina nguvu, triga hairudi. Hapo kinachoshikilia kila kitu ni sefti peke yake. Yaani umetoa kigingi kilichozuia mlango huku umeushikilia kwa mkono, halafu unaachia mkono unashangaa umefunguka. Kuitoa sefti ndo kufyatua. Na kumbuka ulivuta triga mwenyewe, kwa hiari yako, ukijiita mtu wa tahadhari.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaisema mpaka mniblok: sefti si kitu cha kutegemea, bunduki salama ni ile ambayo bolti iko nyuma na chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) tupu imeangaliwa kwa jicho NA kuguswa kwa kidole. Kidole kidogo, ingiza kabisa. Jicho peke yake linadanganywa na kivuli, hasa mwisho wa siku umechoka. Ukiweka bunduki mezani bolti nyuma. Mtu akienda mbele kubadilisha shabaha bolti nyuma na hakuna anayegusa silaha, hata "nafuta tu vumbi" hapana. Ukimpa mwenzio, bolti nyuma. Umeuliza kama unaweza kutembea kutoka meza moja kwenda nyingine risasi ikiwa chemba na sefti imewekwa. Hapana. Unatembea na risasi ndani unampelekea nani?

Na kutoa risasi kuna mpangilio wake, magazini kwanza ndo bolti. Ukianza na bolti unatoa moja, ukiirudisha mbele inachukua nyingine kutoka kwenye magazini, unabaki umeshikilia bunduki iliyokokiwa huku unaapa umeitoa.

Kuijaribu sefti inajaribiwa, sikatai, ila nyumbani au kwa fundi, bunduki TUPU, risasi ziko chumba kingine. Funga bolti, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, iachie. Sasa toa sefti bila kugusa triga, sikiliza. Ukisikia "tak" pini imekwenda, bunduki inaumwa, peleka kwa fundi wa silaha na usiiguse kwa bisibisi ya mtu yeyote. Ikinyamaza rudia tena na tena, halafu vuta triga sefti ikiwa imetolewa, hapo sasa ndo unatakiwa usikie tak. Halafu koki tena, toa sefti, gonga kitako kwa kiganja huku na huku, funga bolti kwa nguvu kiasi, isifyatuke. Hata ikipita yote hayo, ukiwa renji na risasi ndani sefti inatolewa mtutu ukiwa umeelekea kwenye tuta la shabaha, umeshakaa mkao wa kulenga. Si njiani wala ukiwa unageuka kuongea.

Uliuliza pia sefti ikielekea upande gani ndo salama. Mkuu inategemea ni bunduki gani na ndo maana sikupi jibu la jumla. Mauser ya 1898 ina bawa nyuma ya bolti, kushoto inafyatua, kulia imefungwa kabisa pamoja na bolti, katikati ikisimama wima imefungwa lakini bolti inafunguka, na pale inashikwa pini yenyewe, hiyo naiheshimu. Lee-Enfield ukivuta kile kidude nyuma ndo salama. AK wenzo ukiwa juu ndo salama, na unazuia bolti isirudi nyuma yote. Remington 700 za kabla ya 1982 zilikuwa zinafunga bolti sefti ikiwekwa, maana yake ili utoe risasi LAZIMA utoe sefti kwanza, yaani unalazimishwa ufanye kile kile kilichoniponza mimi kila unapomaliza kulenga! Wakaja kuondoa huo mfungo. Na msidhani ni habari za bunduki kuukuu, 2014 kampuni hiyo hiyo iliita zirudi zile zenye triga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa tangu 2006, kwa sababu gundi iliyozidi kiwandani ingeweza kufanya zifyatuke zenyewe. Kiwandani, sio bisibisi ya mzee. Alama nyekundu ikionekana kwa kawaida ni tayari kufyatua, ila rangi hufutika na mtumba haijulikani nani kabadilisha nini.

Kitu kingine, ukivuta triga kihalali ukiwa unalenga na isilie, usifungue bolti haraka haraka. Baruti huweza kuchelewa. Mtutu ubaki kwenye tuta, hesabu sekunde 30 taratibu, ndo ufungue, uso ukiwa pembeni.

Kuhusu darubini nilitaka kuandika lakini mkono umechoka, wengine watakusaidia. Vifunika masikio vaa, aina yoyote, usivivue mtu akikuita, mwambie apaze sauti. Mafuta usimwagie ndani ya triga, yataganda na tutarudi kule kule.

Sasa fanya hivi kabla ya Jumamosi: toa bolti, toa kitako, piga picha triga upande wenye skrubu, weka hapa na jina la modeli. Kiwandani huwa wanazipaka rangi au lakiri. Kama imechubuka kuna mtu alishapita na bisibisi, na huyo muuzaji wako muulize ni nani.